Sukari Ngapi, Mama Moureen

...na si kwamba naichukia boti, mtu anayesema anachukia boti yenye vyumba vya kulala, muziki na mbuzi wa kuchoma katikati ya ziwa ni mnafiki, mimi nilitaka tu mahali ambapo nikikohoa nijisikie, ndiyo maana tuko hapa Kapkatet, jikoni kwa Mama Chepngeno anayelaza wageni katika chumba cha binti yake aliyeolewa, na kijiko chake kimesimama juu ya kikombe changu, "Nikuwekee sukari ngapi, Mama Moureen?", na badala ya kumjibu nimeweka simu sikioni, ni ujumbe wa sauti wa rafiki yangu Judy, tangu asubuhi hapumui, "Phelis, aki kabini imebaki moja, kuna watu wanaitaka, mnakuja ama hamkuji? Nijibu saa hii!", na nyuma yake watu arobaini wanapiga kelele, boti inaondoka Kisumu saa nane, tukitoka sasa tutaiwahi, na Mochama angerukaruka kwa furaha, ni yeye aliyeitaka, miaka kumi na sita ya ndoa, alisema, lazima tusherehekee na watu, nikakataa, nikamleta huku, na tangu jana tunasikiliza mvua juu ya mabati, yeye ananiambia mvua ni kubwa, mimi namwambia ni kubwa kweli, basi, tumemaliza... wacha niseme ukweli, humu kichwani hakuna wa kunisikia, naogopa, tangu Moureen aende shule ya bweni nyumba yetu ya Nakuru imenyamaza, kumbe miaka yote hiyo tulikuwa tunazungumza kupitia mtoto, mwambie baba yako chakula kiko tayari, muulize mama yako funguo ziko wapi, sasa Mochama anawasha televisheni hata kama haitazami, ndipo nikajiambia, twende mahali pasipo televisheni wala Judy, nijue kama bado tuna la kuambiana, na kama hatuna... hapana, hilo wazo silimalizi, afadhali nisikilize dirishani, mvua imekatika, Mochama yuko nje na mzee Kiptum, mwenye boma, pale michai inapoanza, wanajaza kikapu, jamani, mtu amelipa kulala hapa halafu anachuma chai, marehemu mama yangu aliyechuma chai ya watu miaka ishirini angecheka mpaka akae chini, "Wewe mkono yako inajua hii kazi," mzee anamwambia, na Mochama, "Mzee, chai ndiyo ilinipatia bibi," sauti hiyo, sijaisikia tangu lini, imechangamka, ina mbwembwe, "alikuwa amepanga majani laini juu, magumu ameficha chini, eti karani hataona! Karani akamwaga kikapu yote kwa turubai, akamwambia chagua upya, watu wakacheka, mimi nikamhurumia, nikainama nikamsaidia mpaka lori ikakuja..." ngoja, nani? Mimi? Mimi niliyeficha majani magumu? Mwongo mkubwa! Ni yeye! Ni kikapu chake ambacho karani Orina alikimwaga pale kituo cha kununulia chai, foleni nzima ikapasuka kwa kicheko, na yeye akawa anatazama viatu vyake, koti la babake limempwaya mabegani, mimi ndiye niliyeinama, tukachagua jani moja moja, saa mbili nzima, alinisimulia habari za ng'ombe wa mjomba wake aliyekula shuka ya kanisa, nilicheka mpaka nikatupa majani mazuri pamoja na mabaya, lori la kubeba chai lilipopiga honi kule kwenye kona nilikasirika, nilitamani lingekwama huko Kaplong, sikumwambia mtu jambo hilo, hata yeye, "Na huyo msichana alikushukuru?" mzee anauliza, na namsikia Mochama akitupa konzi ya majani kikapuni, "Sijui, mzee. Lakini mimi hiyo siku niliomba lori ichelewe"... simu inatetemeka mezani, Judy tena, mwache atetemeke, kwani naye aliomba, miaka kumi na sita nimelala kando ya mtu aliyeomba lori lilelile lichelewe na hakusema, na mimi sikusema, haya, wapi kitufe cha kurekodi sauti, "Judy, wape hiyo kabini, sisi tuko na shughuli," imeenda, moyo unanicheza kama wa msichana, aibu, na chai inatoa mvuke, na kijiko bado kiko palepale, Mama Chepngeno ameuma midomo asicheke, kumbe naye amesikia yote, "Mama Moureen? Sukari?", viwili, nitamwambia viwili, halafu nitoke na kikombe mkononi nikamuulize yule bwana mbele ya mzee Kiptum, majani yaliyomwagwa yalikuwa ya nani, atakataa, namjua, atakataa kabisa, na tutabishana mpaka mvua irudi.