Leo Watoto Hawatoki

Tangu asubuhi Loretta Tidmore hakukaa kitini. Yeye ndiye mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Calloway Gap, na siku hiyo alikuwa akienda dirishani kuangalia mbingu za magharibi, akirudi ofisini kuangalia runinga, kisha dirishani tena, mpaka katibu wake Nadine Hulsey akachoka kumfuata kwa macho.

"Kaa basi, Bi Loretta. Kimbunga hakitakuja upesi kwa sababu wewe umesimama."

"Wala hakitachelewa kwa sababu nimekaa."

Mbingu zenyewe zilikuwa na utani mbaya. Jua linawaka, hewa ina joto la jikoni ilhali mwezi bado ni Machi, baridi ndiyo kwanza inaisha, na upepo wa kusini unavuma bila kupumzika. Watu wa kaskazini mwa Alabama wakiusikia upepo ule shingoni huanza kupigiana simu. Wiki nzima watabiri walikuwa wameisema siku hii: dhoruba zitakuja kwa mikupuo miwili, mmoja alasiri, mwingine jioni, na ndani yake vimbunga, zile nguzo za upepo zinazozunguka hadi ardhini. Harlan Stroud, mtabiri wa runinga, alikuwa bado anataja majina ya wilaya. Harlan akitaja wilaya, watu huendelea kula. Akianza kutaja makanisa na vituo vya mafuta, yaani kimbunga kimeshajulikana kinapopita, hapo sahani huachwa mezani.

Shule nyingine zote za karibu zilikuwa zimewatoa watoto saa sita. Loretta alikataa, na simu ya ofisi haikunyamaza tena. Ni desturi ya watu wale: hofu ikija, kila mtu anataka wake awe kwake, hata kama kwake ni kopo. Na yeye aliwajua wanafunzi wake. Nusu yao wanaishi katika zile nyumba za bati zinazoletwa na lori na kuwekwa juu ya matofali. Saa hiyo baba yuko kiwanda cha kuku, mama yuko dukani, ndani hakuna mtu. Shule ina korido katikati, ya kuta nene, isiyo na dirisha hata moja.

"Mzazi mwingine," Nadine akasema, akifunika simu kwa kiganja. "Anasema wewe ni dikteta."

"Mwambie dikteta anamsalimu, na mwanawe ameshakula."

Alitania, lakini sikio lilikuwa kwenye runinga. Harlan Stroud alikuwa ametaja kanisa la kwanza.

Ndipo pikapu ya kijivu ilipoingia uwanjani kwa fujo na kusimama mbele ya mlango. Loretta akaijua kabla dereva hajashuka. Ilikuwa ya Royce, mwanawe wa pekee.

Miaka miwili hawakuwa wakisemezana, tangu Loretta alipouza shamba la marehemu mumewe bila kumwuliza kijana. Januari Royce akalegea, akamleta mwanawe Emmett, anayemlea peke yake, amalizie darasa la kwanza pale pale. Tangu hapo kila Ijumaa Loretta alikula chakula cha mchana na mjukuu wake, magoti yamembana chini ya meza ya watoto, na hakuna alichokipenda duniani kuliko saa ile. Alijua pia kwamba Royce anaweza kuiondoa siku yoyote.

Akampokea mlangoni, mkono mmoja kwenye kitasa.

"Nimemfuata Emmett."

"Ingia ukae naye. Watoto hawatoki leo."

"Mama, sina muda wa hayo. Nampeleka kusini. Saa moja tu nimeshatoka kwenye njia ya kimbunga."

"Barabara yenyewe ni ya bondeni, Royce. Miti huku na huku, huoni mbele wala nyuma. Utakutana nacho uso kwa uso, na mtoto yuko kiti cha nyuma."

"Mimi ndiye baba yake."

"Na mimi ndiye mwenye ufunguo."

Royce akacheka bila furaha. "Hujabadilika. Unaamua, sisi wengine tunapewa taarifa." Akasogea karibu, sauti ikashuka. "Sikiliza vizuri. Ukifunga mlango huo, Emmett humwoni tena. Jumatatu namhamisha shule."

Loretta alijua hatanii. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na yeye alikuwa amemchelea huyu tangu Januari, akipima kila neno kabla ya kulisema. Alitaka sana kumwita Emmett, amkabidhi, apendwe. Akafunga mlango na kuzungusha ufunguo.

Royce akapiga kioo kwa ngumi mara moja, akarudi garini, akakaa humo ameuelekea mlango, injini inaunguruma. Hakuondoka, na hakuingia.

King'ora cha mji kikalia. Walimu wakawatoa watoto madarasani, wakawapigisha magoti koridoni, vichwa ukutani, mikono imefunika shingo. Nadine alipita katikati yao amevaa helmeti ya binti yake ya kuchezea mpira, ya rangi ya waridi, na watoto wakapata angalau kitu cha kuchekea.

"Bi Loretta, njoo huku."

"Nakuja," akasema, asiende. Mjukuu yuko ndani, mwana yuko nje, na ni yeye aliyewatenganisha.

Mbingu zikawa za kijani. Mvua ya mawe ikaanza kama mayai yanayomwagwa juu ya bati. Loretta akafungua mlango, akaushikilia kwa mwili mzima huku upepo ukitaka kuung'oa. Hakuita, maana hakuna sauti ambayo ingefika. Alisimama tu pale Royce amwone, viatu vimejaa maji, akiomba Mungu kimoyomoyo bila adabu yoyote. Kioo cha mbele cha pikapu kilipopasuka, Royce akatoka mbio. Akampita mama yake bila kumtazama, akamtafuta mwanawe ukutani, akamfunika kwa mwili wake.

Taa zikazimika. Masikio yakaziba. Kukawa na mngurumo mrefu, watoto wakalia kwa pamoja, kisha mngurumo ukasogea, ukasogea, ukaisha.

Kimbunga kilikuwa kimepita kaskazini. Kilibeba mabanda ya kuku na paa la ghala, hakuna aliyeumia, na shule haikupoteza hata balbu. Royce akasimama, Emmett amemng'ang'ania shingoni.

"Haya," akasema, "kiko wapi?"

Kimbunga kisichofika hakimtetei mtu. Loretta akawafuata hadi garini, akasema kupitia dirisha la pembeni, "Jioni kuna mkupuo mwingine. Shimo langu la kujikinga liko wazi." Royce akapandisha kioo.

Jioni Loretta alishusha mablanketi, maji na biskuti katika shimo la zege nyuma ya nyumba yake, akaketi ngazi ya juu na redio mapajani. Alibonyeza namba ya Royce akaifuta, akaibonyeza tena akaifuta. Harlan Stroud akataja kituo cha mafuta kilicho jirani na nyumba ya Royce, nayo ni ya bati. King'ora kikaanza. Alichowafundisha watoto wa watu miaka yote ni kwamba king'ora kikilia unashuka na unafunga. Hakufunga mlango wa shimo. Upepo ulimpiga usoni, akakaa vile vile, amekasirika na ameogopa, akiitazama njia ya kuingilia kutoka barabarani.

Pikapu ikaingia imewasha taa moja, ikakanyaga bustani yake ya vitunguu. Royce akashuka na Emmett begani, mbwa nyuma yao. Mtoto akapitishwa kwa mikono hadi chini, mbwa akajishusha mwenyewe. Royce akabaki juu, mvua inamtiririka.

"Mama, bado nimekukasirikia."

"Nikasirikie ukiwa humu chini, mwanangu. Angalia hiyo ngazi ya pili, imelegea."

Akashuka, akauvuta mlango wa chuma.