Kivuli cha Jukwaa la Magharibi

Baada ya swala ya adhuhuri Stefania alipanga viti vya plastiki kwenye jua kali, pembeni mwa Uwanja wa Ukombozi, Kilwa Kivinje. Alivipanga juani kwa sababu kivuli kingefika pale saa tisa, na wageni wakubwa hawapendi kuhamahama. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watu wanaokuja kuuona uwanja: vyumba vya wachezaji, goli la kusini, na mwisho kabisa kivuli.

Kilikuwa kivuli cha jukwaa la magharibi. Jukwaa lenyewe lilianguka mwaka wa themanini na tisa, Stefania akiwa bado tumboni, na matofali yake wenyeji waliyabeba wakajengea vyoo. Kivuli hakuna aliyekibeba. Kila alasiri hujitandaza juu ya nyasi kama zamani, na paa lake, nguzo zake na vichwa vya watu waliokaa. Mawinga hukipenda kwa ubaridi wake. Ikifika saa kumi na nusu, nguzo ya tatu hukatika, kivuli chote huporomoka bila sauti, na jua hurudi. Kesho yake huja kizima.

Uwanja huo ulivuma sana. Timu ya Lindi ilikuwa ikija huku imeshafungwa nusu kwa hofu, na mashabiki walijazana kwenye malori kutoka Kiswere na Tingi. Siku ya fainali jukwaa likaanguka, likaua. Kamati ya uwanja ikakaa, ikaamua kwamba mwenye kosa ni Damiani, mpiga ngoma wa mashabiki, aliyewarusharusha watu mpaka nguzo zikashindwa. Damiani alikuwa mtu wa kuja, kutoka Newala, hana ukoo mjini, na yeye mwenyewe alifia palepale. Marehemu hahudhurii kikao. Ndiye aliyekuwa baba yake Stefania.

Sasa, siku hii Stefania aliyopanga viti, maneno hayo ya kamati yalikuwa yanawekwa ukutani, yamechongwa kwenye bamba la marumaru, jina la Damiani likiwa kubwa kuliko mengine. Mgeni rasmi alikuwa Mzee Likwata, mkandarasi aliyejenga jukwaa lililoanguka na ambaye sasa anajenga jipya. Stefania ndiye aliyetakiwa kulisoma bamba kwa sauti, kisha fundi alipachike. Likishapachikwa, baba yake atakuwa muuaji kwa kila atakayeingia pale, na yeye ndiye atakayekuwa akiwasomea.

"Stefa, leo usituletee mambo," alisema Bwana Fakihi, mwenyekiti wa kamati. "Soma kilichoandikwa, basi. Funika kombe mwanaharamu apite."

Mama yake, Benadetha, alikuwa ameshatandika kanga chini, mwisho wa safu ya tatu, mahali ambapo kivuli cha mumewe hukaa. Alikuwa akija pale kila alasiri.

"Mwanangu, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema. "Wewe waoneshe tu. Macho wanayo."

Saa kumi Mzee Likwata alifika, akakaa kivulini. Stefania akamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Haya, tusomee."

Stefania aliikunja karatasi yenye maneno ya bamba. "Mzee, naomba kwanza tukitazame kivuli mpaka mwisho. Anayetajwa hapa ni baba yangu."

Bwana Fakihi akainuka. Mzee akamwashiria akae, akakaa. Hata fundi aliacha kukoroga saruji.

Wakatazama. Kivulini ilikuwa mapumziko. Watu wote walikuwa wamekaa, wengine wanajipepea. Damiani ngoma kaiweka chini, kashika muhogo wa kuchoma kwa mikono miwili. Akaumega, kipande akampa jirani yake, kingine akaanza kula. Ndipo nguzo ya tatu ilipofunguka kwa chini, na mchanga ukamwagika kama gunia lililotoboka. Hakuna aliyekuwa amesimama. Kivuli cha paa kikawaangukia wageni mapajani, kikapotea, na jua likawapiga usoni.

Stefania alimtazama mzee, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa na matumaini.

"Ni kweli," alisema Mzee Likwata, akijifuta jasho. "Ule mchanga ulikuwa wa ufukweni. Una chumvi, unakula nondo. Nilijua. Wa mto Mavuji ulikuwa mbali, na fainali ilikuwa karibu."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Bwana Fakihi akamshukuru mgeni rasmi kwa kumbukumbu yake nzuri pamoja na umri wote ule.

"Sasa niweke?" fundi akauliza.

"Weka," alisema mzee. "Saruji itakugandia kwenye karai."

"Na jina la mume wangu?" Benadetha alisema, amesimama. "Si mmemsikia?"

"Tumemsikia, Mama Stefa," walijibu, maana walikuwa watu wa adabu.

Stefania alikataa kusoma. Bwana Fakihi akasoma mwenyewe, mpaka kwa Damiani, watu wakapiga makofi, wakaenda kula pilau. Kuhusu kazi yake, Stefania aliambiwa aje kesho kama kawaida, kuna wageni kutoka Masoko.

Walipoondoka wote, aliingiza kucha pembeni mwa bamba, akavuta, akavuta tena. Alilia kwa hasira. Mama yake akaja kumsaidia, wakavuta wote wawili. Halikutikisika. Kwa kulipachika, fundi alikuwa ameletewa mchanga wa Mavuji.