Wageni Watano na Episodi ya Tisa

Katiba ya klabu yetu ina kurasa kumi na moja, na zote kaziandika Wendell Osterhaus. Sijui mtu gani mwenye akili timamu anakaa chini kuandika kurasa kumi na moja kuhusu namna ya kutazama katuni za Kijapani, lakini Wendell alikaa, akaandika, akachapisha, akabana kwa pini, na kila Alhamisi saa kumi na moja jioni anakuja nazo chumba namba 214 kazikumbatia kifuani. Episodi moja kwa wiki. Hakuna kutazama mbele nyumbani. Ukikamatwa, unapanga viti peke yako mwezi mzima. Aliyeileta tamthilia hafungui mdomo kueleza kinachokuja. Na kifungu cha saba, ambacho nitakichukia mpaka naingia kaburini: wageni watano wakija kwa mpigo kabla tamthilia haijafika nusu, tunarudi episodi ya kwanza, ili mtu yeyote asijisikie ametengwa.

Mimi naitwa Signe Hautala, niko mwaka wa nne chuoni hapa Duluth, Minnesota, na muhula huu tamthilia niliileta mimi. Niliileta kwa ajili ya mtu mmoja. Nasema wazi, maana kuzungukazunguka kumenichosha.

Mtu mwenyewe ni Pheng Lor. Miaka mitatu tumekaa safu ya pili, yeye kushoto, mimi kulia, katikati yetu bakuli la bisi na, siku mama yake akimpakia, roli za kukaanga zenye mboga na nyama ndani, ambazo hakuna mwanaklabu mwingine anayethubutu kuzigusa. Nikiumwa, yeye ndiye analeta supu. Gari lake likigoma kuwaka kwa baridi, mimi ndiye napigiwa simu. Watu wote wanadhani tuko pamoja, na tukiulizwa tunacheka wote wawili, kisha mimi narudi nyumbani na hasira za kupiga ukuta.

Pheng anasomea uhandisi na anamaliza Desemba. Mwezi wa Agosti alinionyesha barua mbili za kazi. Moja ya idara ya maji ya mji huu huu, dakika kumi kutoka kwangu. Nyingine ya kampuni ya barabara huko Anchorage, Alaska. Zote zilitaka jibu kabla ya saa sita mchana, Ijumaa, tarehe kumi na tano Novemba. Alinisomea zote mbili, halafu akanitazama kama mtu aliyeuliza swali. Nami nikamwambia, "Hongera bwana. Alaska kuna dubu."

Dubu. Miaka mitatu ya mapenzi, na kilichonitoka mdomoni ni dubu.

Ndipo nikaleta "Mpaka Kitabu cha Mwisho." Ni tamthilia ya episodi kumi na mbili, ya mapenzi na vichekesho, kuhusu msichana anayeitwa Kazuho anayemwazimisha kitabu kijana mmoja, Tatsuki, kila wiki. Kwenye ukurasa wa mwisho anaandika kwa penseli yote yaliyo moyoni mwake, kisha anayafuta kabla hajampa. Anafuta kwa nguvu mpaka karatasi inachanika, na Tatsuki, kwa ujinga wake, anaamini msichana huyu anamchukia kiasi cha kumchania mwisho wa kila hadithi. Hivyo hivyo episodi nane nzima. Episodi ya tisa Kazuho anaweka ufutio chini na kumwambia usoni.

Nilifanya hesabu kwenye kalenda. Ya tisa ingeangukia tarehe saba Novemba, siku nane kabla ya Pheng kujibu barua zake. Kazuho angesema, Pheng angenigeukia, nami ningemtazama tu, na mambo yangekuwa yamekwisha bila mimi kutia neno. Najua unavyofikiri. Usiniambie kitu.

Wiki tano zikaenda vizuri. Baada ya episodi ya tatu tulipiga kura ya mikono kama ilivyo desturi, iendelee au iachwe, na ikapita bila ubishi. Watu walimpenda Kazuho na kumchukia kwa pamoja. Akishika ufutio tu, chumba kizima kinamrukia. "We mtoto wewe, mwambie." "Mwanangu, unatuua." Mimi ndiye niliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Pheng alikuwa hapigi kelele, anakula bisi zake na kutabasamu pembeni.

Wiki ya sita mlango ukafunguliwa, wakaingia watoto watano wa mwaka wa kwanza, wote wa bweni moja, wamebeba piza moja. Niliwahesabu. Nikawahesabu tena, nikiomba Mungu mmoja awe amepotea njia akitafuta maabara.

"Karibuni sana," Wendell akasema, na tayari anafunua kurasa zake. "Mko watano?"

"Wanne na nusu," nikadakia. "Huyu wa mwisho ni mfupi."

"Signe."

"Mheshimiwa, tumefika ya sita. Ya sita ndiyo nusu."

"Hatujaitazama ya sita. Tumetazama tano. Tano siyo nusu ya kumi na mbili." Wendell huwa hapandishi sauti, na hilo ndilo linalonitia wazimu. "Kifungu cha saba. Tunarudi ya kwanza."

"Si niwasimulie? Dakika mbili tu. Msichana anampenda mvulana, hasemi. Kwisha habari."

"Mleta tamthilia haruhusiwi kusimulia."

Mmoja wa wale watoto, amevaa kofia yenye masikio ya paka, akasema kwa adabu kwamba wao hawajali, wataelewa hukohuko mbele. Nilitaka kumbusu paji la uso. Wendell akamwambia ahsante, lakini utaratibu ni utaratibu. Nikageuka kwa Pheng aniunge mkono.

"Mimi sina neno," Pheng akasema. "Kurudia siyo vibaya."

Siyo vibaya. Nilikaribia kummwagia bisi.

Nilimkaba Wendell mpaka akakubali episodi mbili kwa siku, lakini ni mpaka tutakapofika pale tulipoachia, na baada ya hapo mwendo ni uleule wa moja. Zikaliwa wiki tatu hivihivi. Nikakaa nikitazama Kazuho akifuta vile vile alivyokwisha kufuta, huku wale watoto watano wakipiga kelele zilezile tulizopiga sisi mwezi uliopita. Sikuwa na hamu hata ya bisi. Tarehe saba Novemba, siku niliyoizungushia duara kwenye kalenda, ndiyo kwanza tukatazama ya sita. Mtu mwingine angeachana na katuni akaenda kumwambia mwenzake. Mimi nilikwenda kumwandikia Wendell barua ya kurasa mbili nikiomba kifungu cha saba kirekebishwe.

Akanijibu kwamba marekebisho hujadiliwa Januari.

Ikafika tarehe kumi na nne, Alhamisi, kesho yake ndiyo siku ya jibu. Nje theluji imeanza. Tukaweka episodi ya saba, mpya kwa kila mtu chumbani isipokuwa mimi. Kuna mahali Tatsuki yuko mgahawani na kitabu cha Kazuho. Anakifungua, anakikung'uta kwa hasira, na vumbi la ufutio la miezi miwili linamwagikia kwenye chai ya babu aliyekaa meza ya pili. Babu anakunywa. Hapo ndipo watu hucheka.

Pheng alicheka Tatsuki akiwa bado hajakifungua kitabu.

Kicheko kifupi, cha puani. Hakuna aliyekisikia ila mimi, maana bega langu liko kwenye bega lake. Kisha akajikaza, akatia bisi mdomoni, akangoja wenzake wamfikie. Mimi nikaganda. Kama ameiona ya saba, ameiona na ya tisa. Na kama ameiona ya tisa, basi amekaa hapa wiki zote hizi akijua nilichokuwa nakileta, na hajasema kitu.

Episodi ilipokwisha kukawa na mapumziko ya dakika tano kabla ya mjadala. Nikamshika mkono wa sweta, nikamvuta mpaka korido, kwenye mashine ya soda.

"Umetazama mbele," nikasema.

Hakubisha. "Nimetazama."

"Lini?"

"Wiki ya pili. Yote, Jumamosi moja. Usinisemee kwa Wendell, sina mgongo wa kubeba viti."

"Na ya tisa?"

"Ya tisa nimeitazama mara tatu."

Mashine ilikuwa inanguruma. Nikabonyeza kitufe cha soda ya tangawizi bila kuweka hela, basi tu vidole vipate kazi.

"Ukaionaje?" nikauliza.

"Nilimpenda Kazuho. Ana moyo yule msichana."

"Basi."

"Basi nini, Signe?"

"Basi si umeona mwenyewe. Nimeileta tamthilia. Wewe si mjinga, unajua kwa nini mtu analeta tamthilia."

"Nahisi," akasema. "Sijui. Nimekaa miezi miwili nahisi, na kila Alhamisi nasema labda leo akitoka hapa ataniambia. Unatoka, unaniambia habari za Wendell." Aliongea taratibu. "Mimi siwezi kumjibu msichana wa kuchorwa. Nikikosea je? Nibaki Duluth nipime mabomba ya maji miaka kumi kwa sababu ya katuni? Kesho natia sahihi. Kama una la kuniambia, niambie. Niko hapa."

Nilikuwa nalo. Lilikuwa hapa kooni, neno moja, hata mtoto wa chekechea angelisema. Nikafungua mdomo.

Mlango wa 214 ukafunguka, Wendell akachomoza kichwa. "Signe, tunakungoja. Mleta tamthilia ndiye anayefungua mjadala. Kifungu cha nne."

Nieleweke vizuri: katiba ile nimeitukana tangu Oktoba. Hakuna mtu Minnesota nzima anayeidharau kuliko mimi. Ningeweza kumwambia Wendell apotee. Ningeweza kumfungia mlango usoni. Badala yake nikasikia raha, raha kabisa, ya mtu aliyeitwa ainuke kutoka kiti cha daktari wa meno.

"Nakuja," nikamwambia Wendell. Na Pheng nikamwambia, "Tutaongea baadaye, eti? Nisubiri."

Niliongea dakika kumi na tano mbele ya klabu. Nikachambua rangi za mandhari. Nikajibu swali la yule mwenye masikio ya paka kuhusu kwa nini Kazuho haandiki kwa kalamu ya wino. Kiti cha kushoto, safu ya pili, hakikukaliwa. Nilipotoka korido koti lake halikuwapo kwenye ndoano, nikajipa moyo kwamba amewahi kabla barabara hazijaharibika.

Asubuhi nikaamka nimeshaamua. Nilioga, nikavaa, nikavua, nikavaa tena. Saa sita mchana ilikuwa mbali. Saa nne kasoro nikatoka, nikapanda mlima wa Mtaa wa Ishirini na Moja kwa miguu kwenye theluji ya magotini, nikifanya mazoezi ya kusema kwa sauti mpaka mama mmoja aliyekuwa anazoa theluji mlangoni kwake akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama kabisa. Nikagonga kwa Pheng. Akafungua amevaa soksi, kikombe mkononi, na sikumpa nafasi hata ya salamu.

"Nakupenda," nikasema. "Siyo Kazuho. Mimi. Tangu mwaka wa kwanza, tangu siku ile uliponiletea supu na kijiko ukakisahau. Sitaki uende Anchorage. Nilipaswa kukuambia Agosti nikakuambia habari za dubu. Nakupenda, kaa hapa."

Likanitoka lote bila kukwama. Ilikuwa rahisi mno, nikajishangaa.

 Pheng akaweka kikombe juu ya rafu ya viatu, taratibu, akakilinganisha na ukingo.

"Nimeshatuma," akasema. "Saa tatu asubuhi."

"Ipi?"

"Anchorage."

"Mwisho si saa sita? Pheng, walisema saa sita. Barua imeandikwa saa sita."

"Wao mwisho wao saa sita," akasema. "Mimi nilikuuliza jana, ukamwambia Wendell unakuja. Nikangoja mpaka nikasikia unaanza kueleza rangi. Nilidhani umenijibu."

Nikamwambia aandike tena, awaambie amebadili nia, watu hubadili nia. Akasema amewapa neno lake, na kule idara ya maji amewakatalia, nao wameshampigia simu mtu mwingine. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo, ningejua pa kushika. Akaniambia niingie ndani, mlango unapitisha baridi, akanisogezea kiti cha jikoni. Nikakaa na mabuti yangu miguuni, theluji ikiyeyuka kwenye zulia lake, na yeye akakaa upande wa pili wa meza akanishika mkono kwa mara ya kwanza.