Mvua ya Spika za Pili

Watu walimwita Masikio, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuwachagulia watu spika za nyumbani. Alikuja na jozi mbili, akazipanga sebuleni, akasikiliza pamoja na wenye nyumba mpaka wajue ipi inawafaa. Spika haichaguliwi dukani, alikuwa akisema, kwa sababu dukani hakuna mapazia yako wala makochi yako.

Alasiri moja aliitwa na mkunga mstaafu. Mama huyo alitaka muziki ndani ya nyumba. Mumewe alikuwa dereva wa treni, na tangu astaafu alikaa kimya kwenye kochi la dirishani kama mgeni anayesubiri kuagwa. Ukimsalimia aliitika, ukimuuliza jambo alitikisa kichwa, basi. Mkewe alisema amechoka kuzungumza na saa ya ukutani.

Masikio alizisogeza spika mbali na ukuta ili sauti nzito ya besi isivume, akavuta pazia zito. Chumba kikajaa mwanga wa rangi ya chai. Alianza na kwaya, kisha mwanamke aliyeimba na gitaa. Jozi ya kwanza ilikuwa na nguvu, vikombe vikatetemeka kabatini. Mama alisema si mbaya, ila anamsikia mwimbaji kama amefunikwa blanketi.

Hapo Masikio akaweka kipimo chake mwenyewe: mvua aliyoirekodi kwa mama yake, chini ya paa la bati. Alieleza kwamba mvua haidanganyi. Spika mbaya huifanya isikike kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Spika nzuri huliacha kila tone lianguke peke yake.

Mama alisikiliza kidogo, akauliza nani anakaanga. Masikio akacheka, akahamisha nyaya kwenye jozi ya pili.

Mvua ikaanzia mbali, matone machache yenye kusitasita, kisha ikaja yote. Kuta zikawa kama zimesogea nyuma. Masikio alikuwa ameisikia mvua ile mara nyingi mno, lakini siku hiyo mikono ilimsisimka kwa baridi. Mama alifumba macho, akavuta kanga yake mabegani.

"Nguo," mzee alisema.

Aliinuka, akafungua mlango wa nyuma, akatoka. Walimwona akianua nguo moja moja na kuzikumbatia kifuani, jua likimwakia utosini. Kisha akasimama akiitazama mbingu isiyo na wingu. Masikio akanyoosha mkono azime, mama akamzuia.

"Iache."

Mzee alirudi, akaketi na nguo zake mapajani. Hakuona haya. Alisikiliza kitambo kirefu, halafu akaanza kuzungumza taratibu, kama mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali. Alisema kwenye treni mvua haikuwa hivi. Ilikuja kwa mbele, ikapasukia kwenye kioo, na taa za stesheni zikayeyuka zikawa maji ya njano. Na usiku wa mvua, treni yake ilipopita nyuma ya nyumba hii, hakupiga honi yake ya kumsalimu mkewe.

"Nilijua umetoka zamu," alimwambia mkewe. "Nilisema nikuache ulale."

Mama alichukua shati kutoka mapajani mwa mumewe, akalikunja polepole. Miaka yote ile alidhani usiku wa mvua mwenzake anapita pale akiwa amesahau kwamba kuna nyumba.

"Nilikuwa macho, baba watoto," alisema. "Nilikuwa naisubiri hiyo honi."

Wakatazamana, na mvua ikaendelea kunyesha kati yao. Masikio akafungasha jozi ya kwanza bila kelele. Hakuna aliyehitaji kumwambia ipi imechaguliwa. Akatoka kwenye joto la mtaani akitembea kama mtu aliyeamshwa kabla ya kushiba usingizi.

Baada ya majuma kadhaa alipita kukagua nyaya. Kabla ya kubisha hodi alisikiliza, maana hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Spika hazikuwa zinalia. Ndani, watu wawili walikuwa wakibishana kama stesheni ya mlimani ilikuwa na taa moja au mbili. Mzee aliapa ni mbili. Mama alisema dereva wa namna hiyo, ni Mungu tu aliyekuwa akiwafikisha abiria. Mzee akacheka, kicheko kizito chenye mikwaruzo, ambacho Masikio hakuwahi kukisikia.

Hakubisha. Aliketi kizingitini, akaegemeza kichwa mlangoni, akawaacha waendelee.