Hodi ya Tatu

Mlango ule ulisafiri siku mbili bila nyumba. Pitchou aliufunga ubavuni mwa pikipiki yake kwa kamba za mpira, akaning'iniza gunia la mchele upande wa pili ili usituangushe, nami nikakaa nyuma yake na sanduku la vifaa mapajani, goti moja limebanwa na mbao kuanzia Kasongo hadi Kabambare. Kila tulipopita kijiji watu walitoka nje, wakaangalia zile bawaba zikichezacheza hewani, na swali lao lilikuwa moja.

"Nyumba iko wapi?"

"Iko inakuja nyuma," Pitchou aliwajibu, na wao wakacheka, naye akacheka upya kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kusema hivyo.

Kufikia kijiji cha kumi nilikuwa nimeacha kucheka. Mimi si mtu wa subira. Mama yangu husema nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu, na sijawahi kumbishia.

Jina langu ni Latifa na kazi yangu ni usanii, ingawa mtaani kwetu Kasongo wananiita fundi redio. Nilianza kweli kwa kutengeneza redio na simu dukani kwa baba yangu, Faradji, na kwa kuwa kazi ninayoifanya sasa haina jina la kutamka kwa pumzi moja, nimewaachia waniite watakavyo. Ninajenga vitu vinavyomjibu mtu. Mlango ule ulikuwa wa duka la baba mpaka alipoweka wa chuma. Ndani ya fremu yake nimeficha mikrofoni, spika mbili, kompyuta ya ukubwa wa kipande cha sabuni na betri ya pikipiki. Ukisimama mbele yake ukapiga hodi, sauti ya mtu inakukaribisha kutoka upande wa pili, ambako hakuna mtu. Sauti ziko kumi na moja, nilizikusanya katika nyumba za watu tangu Kasongo hadi Wamaza, na mlango huchagua wenyewe nani aitike.

Nilichojivunia zaidi ni kasi yake. Nilihangaika miezi mitano kupunguza ule muda kati ya hodi na karibu, mpaka mgeni akawa anaitikiwa kabla hajafunga kinywa. Kila sauti niliisafisha: nilikata kuku, nilikata vikohozi, nilikata vigoda vilivyokwaruza sakafu, likabaki neno moja safi. Nilipouonyesha Kinshasa watu walipiga makofi, wakarudi na marafiki zao kuujaribu tena.

Sauti ya tisa ilikuwa ya Mzee Hippolyte wa Wamaza, na hiyo ndiyo niliyoiwaza njia nzima.

Nilimrekodi miaka miwili iliyopita, nyumbani kwake. Nilimwekea simu mezani nikamwomba aseme karibu, akaitazama ile simu, akanitazama mimi, akakataa.

"Mutu hakaribishi simu," alisema. "Toka inje, upige hodi. Nitakuitika kama mugeni."

Basi nikaiacha simu inarekodi, nikatoka, nikasimama juani mbele ya mlango wake uliofungwa. Nilipiga hodi, kimya. Nikapiga tena, kimya, nikadhani mzee kasinzia. Mara ya tatu akaitika, na ile karibu yake ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupata, nzito, yenye furaha ndani yake, ya mtu ambaye kweli alitaka uingie. Nilipoaga nilimwahidi kwamba nitarudi ajisikie mwenyewe.

"Usikawiye," aliniambia.

Nilikawia. Ikaja Kinshasa, ikaja barabara mbovu, ikaja mvua, yakaja haya na yale. Mzee alifariki msimu wa mvua uliopita. Habari zilinikuta Kasongo matanga yamekwisha, na hata hapo sikwenda. Nasema ukweli: nilimwogopa mjane wake. Nilikuwa natembea na sauti ya mumewe bila ruhusa yake, nikiichezesha mbele ya watu nisiowajua, na kila mwezi uliopita ulinizidishia aibu ya kwenda. Mjane huyo ni Marie-Louise, ambaye kila mtu humwita Mama Safi kwa jina la binti yake, na baada ya msiba alihamia kwa huyo binti, palepale Kabambare. Padri aliponiazima ukumbi wa paruwasi, parokia ya Kabambare, kwa siku mbili nilikubali kwa furaha, halafu ndipo nikakumbuka nani anakaa huko.

Njiani nilijiapiza. Nitamwambia yote, na akisema nifute, nitafuta mbele ya macho yake, kila mahali nilipoiweka. Mzee hakuacha rekodi nyingine yoyote.

Tulipofika, asubuhi yake nilikwenda kwa Safi kabla hata sijafungua sanduku. Mama yake alikwisha kwenda shambani. Nikaanza kumweleza Safi, akanikatiza akiendelea kupepeta mchele.

"Mambo ya baba utamwambia yeye mwenyewe. Atapita kule paruwasi akitoka shamba. Nitatuma mutu amwambie."

Nikarudi ukumbini na mzigo wangu uleule.

Pitchou na mimi tuliusimamisha mlango katikati ya ukumbi, ukashikiliwa na miguu minne ya mbao. Saa tatu watu walikuwa wamejaa. Wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye kofia ya majani, wa umri wa Mzee Hippolyte, mtaratibu. Alisogea, akaivua kofia, akapiga hodi.

"Karibu," mlango ukasema.

Yule mwanamume akarudi nyuma hatua mbili. Akaukagua mlango kuanzia juu hadi chini, akavaa kofia yake, akaenda kukaa. Akafuata mama mmoja na beseni la sombe, majani ya muhogo, kichwani. Naye alipiga hodi, naye akaitikiwa papo hapo, naye akaenda kukaa. Hakuna aliyesukuma mlango. Hakuna aliyerudia. Baada ya nusu saa ukumbi mzima ulikuwa umeketi kwenye mabenchi ya ukutani, kwa adabu, ukiutazama mlango wangu kama mbwa ambaye mwenyewe hajulikani. Nilipima betri, nikakagua nyaya, nikajaribu mikrofoni. Kila kitu kilikuwa sawa, na hilo ndilo lililoniuma.

Mama Safi aliingia hapo. Alikuwa ameegemeza jembe lake nje, kikwembe chake, kitenge cha shambani, kimelowa umande hadi magotini. Alinitambua kabla sijainuka.

"Ni ule mutoto wa Kasongo," alisema. "Ule wa simu."

"Ni mimi, mama. Pole sana na musiba. Sikukuya kwenye matanga."

"Niliona."

Hakulisema kwa hasira, na ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angelisema kwa hasira. Nikamwambia palepale, watu wakisikia, maana nilijua nikimvuta pembeni nitatafuta maneno matamu.

"Mama, sauti ya mzee iko ndani ya huu mulango. Niliichukua siku ile, na wewe sikukuomba ruhusa. Nimeichezesha Kinshasa, nimeichezesha Kasongo. Ukisema niifute, naifuta sasa hivi, unaona."

Aliutazama mlango. "Anasema nini?"

"Anasema karibu."

"Na nini tena?"

"Karibu tu, mama."

Alijifunga kikwembe upya, akakaza fundo. "Nisikiye kwanza."

Niliiambia kompyuta iache sauti nyingine zote, ibaki ya tisa peke yake. Nilikosea mara mbili. Mama Safi akasimama mbele ya mlango pale anaposimama mgeni, si karibu sana, akaita.

"Hodi."

"Karibu," akasema Mzee Hippolyte.

Mama Safi hakusogea. Aliinamisha kichwa kama anayesubiri mengine, na yalipokosekana akakitikisa.

"Hapana," alisema. "Huyu haiko bwana yangu."

Nilijua ningemuumiza, lakini sikujua ningemuumiza hivyo, kwa kumletea mgeni mwenye sauti ya mumewe. Nikapeleka mkono kwenye kibodi.

"Naifuta, mama. Unisamehe."

"Ngoja. Nani amesema ufute?" Alinigeukia. "Sauti ni yake. Lakini mutu mwenye kuitika mbio vile, iko amesimama nyuma ya mulango, anakusikilizia. Utaingia namna gani kwa mutu kama huyo?"

"Ndiyo ile," mwenye kofia akasema kutoka kwenye benchi, na ukumbi mzima ukaguna kukubali. Nikajua kwa nini ile kasi yangu ya miezi mitano iliwarudisha wote mabenchini.

"Baba Safi hakuitikaka hodi ya kwanza hata siku moja," mama akaendelea, na sasa alikuwa akiwaambia wote. "Ya kwanza ni ya kumutoa kwenye kigoda. Ya pili iko anatafuta shimizi, ile shati yake, maana hakutaka mugeni amukute kifua wazi. Mpaka ya tatu. Wewe siku ile ulipiga ngapi?"

"Tatu."

"Basi zile zingine ziko wapi?"

Nilizikata. Nikamwambia hivyo hivyo. Nilichukua lile neno la mwisho, mengine yote nikayaona takataka, sijawahi hata kuyasikiliza. Na sikuwa na hakika kama bado yapo. Ile simu ilikwisha kufa. Kadi yake ya kumbukumbu, kama sikuifuta Kinshasa nilipokuwa natafuta nafasi, ingekuwa kwenye kopo la parafujo ndani ya sanduku langu. Nikalimwaga kopo lote sakafuni. Pitchou akachuchumaa tukachambua pamoja, parafujo huku, kadi huku. Ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa na picha za arusi ya mtu. Ya tatu nilipoiingiza niliona maneno niliyoyaandika kwa haraka yangu ya siku zote: wamaza mzee. Dakika moja na sekunde arobaini.

"Iko," nikasema.

Nilivaa visikizio. Nilijisikia mwenyewe nje ya mlango, mbali, nikipiga hodi kwa sauti ya mtu mwenye haraka. Nikasikia kigoda. Nikasikia yaliyofuata mpaka kabla ya hodi ya tatu, halafu nikavivua, kwa sababu sikustahili kuyasikia peke yangu. Nilitoa hodi zangu zote tatu. Nilichokiacha nilikigawa vipande vitatu, kila kimoja na hodi yake, sikusafisha chochote, na nikaufundisha mlango kungoja. Kazi hiyo ilichukua robo saa. Hakuna aliyeniharakisha, na nilipoinua macho watu walikuwa wamesogeza mabenchi karibu.

"Tayari, mama."

Mama Safi alirudi mahali pa mgeni.

"Hodi."

Mlango haukuitika. Kigoda kililia mahali fulani nyuma ya mbao, mtu mzito akishusha pumzi ya kuinuka. Kuku akapita akilalamika. Kwenye mabenchi mtu akacheka chini chini, kicheko cha anayetambua kitu.

"Hodi."

Mguu ulikokotwa kwenye sakafu ya udongo. Kikohozi kikavu. Kisha sauti ya Mzee Hippolyte, si ile ya kukaribishia, bali nyingine, ya chini, ambayo haikukusudiwa mgeni.

"Mama Safi, shimizi yangu iko wapi?"

Baada ya hapo palikuwa na kimya. Siku ile Mama Safi alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, na jibu lake halikuifikia simu yangu. Kimya hicho nilikuwa nimekiacha kama nilivyokikuta.

Mama Safi aliweka kiganja chake juu ya mbao. Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyajali, na alikuwa akitabasamu.

"Iko kwenye kamba," alisema. "Imekauka, baba. Vaa."

Akangoja kidogo, muda wa mtu kufunga vifungo. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akajiweka sawa kama mgeni, akapiga hodi ya tatu, nami nikakaa juu ya sanduku langu, mikono mitupu, nikangoja pamoja naye.