Gari la Viti Viwili

Fundi makanika alileta gari nyumbani likivutwa kwa kamba, naye kakaa kwenye usukani, kifua mbele, utasema analiendesha. Lilikuwa gari la michezo la Kiingereza, la zamani hasa, halina paa, na kutu ilikuwa imelila mpaka sakafuni. Mkewe, mshonaji, alisimama mlangoni akilitazama.

"Umenunua gari au umeokota bati?"

"Ngoja nilifufue. Utaniomba lifti wewe!"

Mke hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye viti. Viwili tu. Mwaka jana homa iliwachukulia binti yao wa pekee, Chiriku, mtoto aliyekuwa akisema hata usingizini, na mpaka leo mswaki wake ulikuwa bafuni na hakuna aliyethubutu kuugusa. Sasa mwanamume huyu katoka huko katafuta, katafuta, kaleta gari lililokwisha kukata shauri kwamba wao ni wawili. Jamani! Ana moyo gani?

Kazi ikaanza uani. Mume akapiga bodi msasa, akaishusha injini, akaisafisha kipande kwa kipande. Mke akaachiwa viti: avue ngozi iliyochakaa, ashone mpya. Akawa anavuta siku. Kila asubuhi alipokwenda kupima alikuta vumbi limetanda gari zima, ila migongo ya viti imepanguswa, safi. Mwanzoni hakutilia maanani.

Siku moja akamtangulia mumewe kuamka. Juu ya kila mgongo wa kiti palikuwa na alama za vidole vinne vidogo, vya mtoto aliyesimama nyuma akashika huku na huku. Akarudi nyuma hatua mbili. Halafu, Mungu amsamehe, akafurahi. Vidole vile alivijua, yeye ndiye aliyekuwa akivikata kucha.

Mume akatokea na kitambaa kibichi mkononi. Alipomwona, akaganda.

"Kumbe ni wewe," mke akasema. "Unamfuta."

"Nilidhani watoto wa jirani. Nikafunga lango kwa kufuli, alama zikaja tena. Nikasema ukiziona utaumia upya, mke wangu. Wewe ndiyo kwanza umeanza kula."

"Kila siku unamfuta mwanangu!"

Akamvamia, akampiga ngumi za kifua, ngumi za kweli, mpaka kitambaa kikaanguka. Mume akazipokea zote. Kisha akaangua kilio, kilio kibaya cha mtu asiyezoea kulia.

"Na mimi ni wangu," akasema. "Unadhani kuzifuta ni rahisi? Nilikuwa naziwekea kiganja kwanza."

Mke akamshika mkono, wakakaa chini palepale kwenye mafuta na vumbi.

Ngozi mpya haikushonwa. Mke alitia viraka palipochanika, migongo hakuigusa. Mume akamaliza injini, akapiga rangi, na siku gari lilipokubali kuwaka majirani walitoka nje kushangilia. Wawili wakapanda. Mume akatia gia.

"Subiri kwanza," mke akasema, ameugeukia mlango wa nyumba uliokuwa wazi. "Hajapanda."

Majirani wakatazamana. Mume akatoa gia, akakanyaga breki, akangoja.