Mwavuli wa Kwenda Kashi

Seremala Bhanwarlal alikuwa amekubali mengi tangu ateremke kwenye treni kutoka Bikaner. Alikubali kulia chakula kwenye jani la mgomba. Alikubali wali asubuhi, mchana na jioni, yeye aliyelelewa kwa mkate wa uwele. Alikubali hata harusi ya asubuhi, kana kwamba watu wanawahi shamba. Lakini kumbembeleza mtu, hilo alisema hapana, na Bhanwarlal akisema hapana, hata kilemba chake hutikisika.

"Ni maneno machache tu, mkwe," alisema Bi Alamelu, mama wa bwana harusi, mwanamke mfupi mwenye asumini kichwani na haraka miguuni. "Kwa mila yetu, mwanangu Sethu atasema ameukataa ulimwengu, anakwenda Kashi, mji mtakatifu, kuwa mtawa. Unamfuata, unamwambia, 'Rudi, nakupa binti yangu.' Anarudi, tunafunga ndoa, tunakula."

"Na nisipomfuata?"

"Ala! Kila baba humfuata!"

"Kwetu bwana harusi huja juu ya farasi, upanga kiunoni, ngoma zinalia. Wa kwenu anaondoka kwa miguu, na mwavuli! Halafu nimkimbilie mimi? Anayetaka mke si ndiye anayebembeleza?"

Alisema kweli, ila hakuisema yote. Kesar alikuwa mwanawe wa pekee, na mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka minne. Bhanwarlal ndiye aliyemsuka nywele miaka yote hiyo, kwa vidole vya useremala, tena vibaya. Leo wanamchukua, wanambakiza huku kusini, zaidi ya kilomita elfu mbili kutoka nyumbani, na yeye mwenyewe aombe achukuliwe! Huo ulikuwa msumari wa moto juu ya donda bichi.

Saa tatu zumari likalia. Sethuraman akatoka ukumbini na shuka yake nyeupe yenye pindo la dhahabu, mwavuli mkono mmoja, fimbo mkono wa pili, kitabu kwapani. Alikuwa peku, maana binamu zake Kesar walishamwibia viatu kama ilivyo ada ya Bikaner, wakavificha wasikokumbuka tena. Watu wote wakamgeukia Bhanwarlal. Bhanwarlal akainua uso akaanza kukagua boriti za dari, fundi anayetafuta kasoro za fundi mwenzake.

Sethu akafika langoni, akageuka kidogo. Hakuna aliyemfuata. Akavuka barabara. Akapita mkahawa wa kona.

"Anaishia!" akapiga kelele shangazi mmoja.

"Si amesema Kashi?" akajibu Bhanwarlal. "Safari njema."

Kuhani akatazama saa yake. Saa yenye heri ingekwisha saa nne, na baada ya hapo hakuna ndoa siku hiyo. Naye Sethu hawezi kurudi bila kuitwa. Akijirudisha mwenyewe kama mbuzi wa jioni, mji mzima wa Kumbakonam utamcheka mpaka uzeeni.

Ndipo Kesar akatoka chumbani, amejaa maua.

"Baba, huyo hatageuka. Namjua, ni mtiifu mno, atafika Kashi kweli." Akashika msuko wake uliolala mgongoni, umenyooka. "Halafu ona walivyonisuka. Vizuri mpaka najiona mgeni."

Bhanwarlal aliutazama ule msuko. Akatoka, akashika njia aliyopita Sethu.

Alimkuta Sethu karibu na kituo cha mabasi, amesimama kwa mguu mmoja, maana lami ilikuwa imeshapata moto.

"Wewe! Hii ndiyo njia ya Kashi?"

"Sijui, baba. Nilikuwa natembea polepole unifikie."

Bhanwarlal akavua viatu vyake vya ngozi ya ngamia, akamsukumia. "Vaa." Kisha lami ikamchoma yeye, akaruka, akajibanza kwenye kivuli cha mwavuli. Abiria waliokuwa wakingoja basi wakasogea wasikie vizuri.

"Rudi," alisema, na neno lilitoka kwa shida. "Nakupa binti yangu."

Ilitosha, Sethu alishageuka. Lakini kinywa cha Bhanwarlal, kikishafunguka, kiligoma kufungwa.

"Anakoroma. Mkate wake huungua upande mmoja, na atakuapia huo ndio upande mtamu. Usishindane naye kununa, hutamweza. Akiumwa hasemi, mtazame macho. Ana shahada mbili na bado anaogopa giza, usizime taa kabla hajalala. Mchukue, mwanangu. Tafadhali, mchukue."

Mama mmoja mwenye kikapu cha biringanya alikuwa analia waziwazi. Sethu alijifuta macho kwa ncha ya shuka.

"Na nywele, baba? Aliniambia ulikuwa unamsuka. Nifundishe."

"Kusuka sijui."

"Ndivyo alivyosema. Anasema hataki msusi anayejua."

Bi Alamelu alikuwa langoni, mikono kiunoni, zikiwa zimebaki dakika kumi na tano. "Maneno machache nilisema, mkwe! Mmekwenda Kashi na kurudi?"

Hawakumsikia. Walikuja chini ya mwavuli mmoja, kijana akiburuta viatu visivyo vyake, mzee akirukaruka peku, ameinua ncha ya kilemba chake aliyoigawa mafungu matatu.

"Hili la kulia unalipitisha juu ya la kati," alikuwa akisema. "La kushoto hivyo hivyo. Halafu hapa, unakosea kidogo."